Mwili wa mwanafunzi wa uganga ni chombo chake cha kwanza cha kazi

Siku ya kwanza ya juma, saa moja ya asubuhi, nilimkuta baba mmoja amekaa kwenye benchi mbele ya dispanseri yetu. Alikuwa ametoka posti ya usiku. Buti zake zilikuwa zingali na udongo wa mgodi. Kando yake alikaa binti yake, amevaa blauzi nyeupe ya shule ya wauguzi. Binti alikuwa ameegemeza kichwa ukutani na kufunga macho.

Baba akasema: «Munganga, mumusaidie huyu mtoto. Juzi alianguka kule kwenye staji, mbele ya wagonjwa. Masomo inamumaliza. Mumupe hata sindano ya nguvu, ama serumu ya vitamini, amalize mwaka.»

Nilimwingiza binti ndani. Nilimpima homa: hana. Nilipima damu kutafuta malaria: haimo. Tansio yake ilikuwa chini kidogo, lakini si ya kuogopesha. Nyama ya ndani ya macho yake ilikuwa nyekundu vizuri. Hakuwa mtu aliyepungukiwa damu. Nilimwuliza na maswali mengine yote yanayofaa kuulizwa. Ugonjwa sikuuona. Basi nikaanza kuuliza maswali ya nyumbani.

— Siku ile ulipoanguka, ulikuwa umelala saa ngapi?

— Saa saba ya usiku. Nilikuwa nasoma.

— Uliamka saa ngapi?

— Saa kumi na moja, kusudi nifike kwenye staji kwa wakati.

— Ulikula nini asubuhi?

— Chai.

— Chai na nini?

— Chai tu.

— Na mwili wako, unaufanyisha mazoezi siku gani?

Akacheka kidogo. «Munganga, wakati gani?»

Wapenzi wasomaji, jibu hilo nalijua sana. Ni jibu langu mwenyewe nilipokuwa na miaka yake. Kwa hiyo sikumpa binti sindano ya nguvu. Baba yake hakufurahi. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wazazi wote wa kambi zetu walio na mtoto katika shule ya uganga. Tena ni kwa wafanyakazi wenyewe, maana mambo ya mwanafunzi wa staji na mambo ya mtu wa posti ya usiku ni ndugu wa tumbo moja.

SINDANO YA NGUVU HAIKO

Tuanze na neno hili, kwa maana linawala watu pesa. Hakuna sindano inayoweza kushika nafasi ya usingizi. Hakuna serumu inayoweza kushika nafasi ya chakula kwa mtu ambaye kinywa chake na tumbo lake vinafanya kazi vizuri. Serumu ya sukari ni maji na sukari tu. Vitamini ni dawa kwa yule anayezikosa. Kwa yule asiyezikosa, nyingi zinatoka na mkojo. Isitoshe, kila sindano inafungua mlango katika ngozi. Sindano isiyo na kazi ni hatari isiyo na faida.

Nguvu ya mwili inajengwa kidogo kidogo kila siku, kama nyumba ya matofali. Hakuna mwashi anayesimamisha ukuta kwa tofali moja kubwa.

YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu aliendesha lori la mgodi. Nilipokuwa kijana nilicheza mpira, nilikuwa beki wa kuume katika timu ya mtaa wetu, na kukimbia hakukunichosha. Nilipoingia shule ya ufundi wa uganga, niliweka viatu vya mpira chini ya kitanda. Nilisema: nitavitoa nikipata diploma. Masomo yalikuwa mengi: mifupa, mishipa, dawa, hesabu za dozi. Kisha ikaja staji, na nyuma ya staji ripoti za kuandika usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta wakati umeme unapokatika.

Mwaka wa tatu nilikuwa nimepungua kilo 7. Nilipanda ngazi za hospitali nikihema kama mzee. Nilijisifu bado: niliona kwamba kuchoka ni alama ya mwanafunzi mwenye bidii.

Usiku mmoja, usiku wangu wa tatu mfululizo, nilikuwa katika chumba cha watoto. Siku zile malaria kali ilitibiwa sana kwa dawa ya kinini ndani ya serumu. Leo ni artesunate inayotangulia. Ilikuwa saa kumi ya usiku. Mchana wake sikuwa nimelala, nilikwenda darasani. Tumboni nilikuwa na chai ya saa mbili ya usiku. Juu ya meza zilikuwa chupa mbili zilizotayarishwa: moja ya mtoto wa kilo 12, nyingine ya mtu mzima wa kilo 60 aliyekuwa chumba cha jirani. Dozi inahesabiwa kwa kilo. Fanyeni hesabu: chupa ya mkubwa ilikuwa na dawa mara 5 ya chupa ya mdogo. Na kinini ikizidi katika damu ya mtoto, inashambulia moyo na kushusha sukari ya damu.

Nilichukua chupa. Niliitundika. Nilikuwa nimekwisha kushika kigurudumu cha mpira ili niifungulie.

Mkono ulinishika kwa nyuma. Ulikuwa mkono wa mama mmoja, muuguzi wa zamani, aliyebakiza miaka michache kwenda pensheni. Hakupiga kelele. Alisema polepole: «Mwana, macho yako iko wapi? Soma jina.»

Nilisoma jina. Haikuwa chupa ya mtoto.

Mama yule mtoto alikuwa amelala chini kwenye mkeka, kando ya kitanda. Hakuamka. Hakujua kitu. Mimi miguu ilinilegea, nikakaa.

Muuguzi yule alitundika chupa ya kweli, akangoja mpaka matone yakaenda sawasawa. Halafu alifungua kikapu chake, akatoa viazi vitamu viwili vya kuchemsha na karanga katika karatasi, akaniambia: «Kula mbele yangu.» Nilipokula akauliza: «Mchana ulilala?» Nikasema: hapana, Mama. Akasema: «Mwili yako njo dawa ya kwanza ya mgonjwa. Ukiuharibisha, zingine zote zinakuwa sumu.» Asubuhi alinipeleka kwa mwalimu wa staji, nikaeleza mwenyewe yote yaliyotokea, na ikaandikwa katika kitabu. Sikufukuzwa. Lakini tangu siku ile sikusema tena kwamba kuchoka ni sifa.

Wafanyakazi wenzangu wa mgodi wanalifahamu jambo hili. Ajali iliyokwepwa ni barua: inafaa isomwe, isichanwe.

UGANGA NI KAZI YA MWILI

Watu wengi wanafikiri kwamba kusoma uganga ni kazi ya kichwa na kalamu. Hata wanafunzi wenyewe wanafikiri hivyo. Ni kosa. Muuguzi anasimama na kutembea karibu posti nzima. Anainama juu ya vitanda. Anageuza watu wazima wasioweza kujigeuza. Anasukuma machela. Mkono wake sharti utulie wakati wa kutafuta mshipa mwembamba wa mtoto.

Nitatoa mfano mmoja ambao wasaidizi wa ajali wa mgodi wanaujua. Mtu moyo wake ukisimama, unamlaza chali juu ya kitu kigumu, unamkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili. Kifua kishuke santimita 5, kisizidi 6. Mwendo ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Kwa dakika 2 ni mara 200 mpaka 240, na mikono haikunjwi. Nimewaona wanaume wanaobeba vyuma kila siku wakihema mbele ya mdoli wa mafunzo kabla dakika ya pili haijaisha. Ndiyo maana kanuni inasema: watu wapokezane kila dakika 2, kwa kuwa aliyechoka anakandamiza bila kufikisha, na mwenyewe hajui kwamba hafikishi.

Sasa jiulize: mwanafunzi aliyelala saa nne na kunywa chai tu, atafikisha?

USINGIZI HAUNA HARUFU

Mfanyakazi akifika mlangoni mwa kiwanda na harufu ya pombe, anarudishwa nyumbani. Ni haki: atajiua au ataua wenzake. Lakini usingizi hauna harufu. Mtu anaingia nao mlangoni na hakuna anayemsimamisha.

Uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2000 ulipima watu waliokaa macho muda mrefu. Baada ya saa 17 mpaka 19 bila kulala, walifanya kazi zao za kupimwa sawa na mtu mwenye gramu 0,5 za pombe katika lita ya damu, au vibaya zaidi. Hesabu tena pamoja nami. Mwanafunzi anaamka saa kumi na moja ya alfajiri, anakwenda darasani, jioni anaingia posti ya usiku bila kulala mchana. Ikifika saa tano ya usiku, saa 18 zimekwisha kupita. Anatembea kati ya wagonjwa kama mlevi, na blauzi yake ni safi.

MWANAFUNZI ALIYEKIMBIA WAKATI WA MAPUMZIKO

«Munganga, wakati gani?» Hilo ndilo swali la binti. Nilimpa habari ya mwanafunzi mmoja wa Uingereza.

Aliitwa Roger Bannister. Alikuwa anasoma udaktari katika hospitali ya St Mary's, London. Siku zile hakuna mtu aliyekuwa amepimwa akikimbia maili moja, ni kusema metri 1.609, chini ya dakika 4. Wengine walisema haiwezekani. Bannister hakuwa na siku nzima ya kufanya mazoezi; alikuwa na wagonjwa na mitihani. Saa ya mapumziko ya mchana alitoka hospitalini, alikimbia katika uwanja wa karibu, kisha alirudi kazini. Tarehe 6 Mei 1954 asubuhi alipitia hospitalini, halafu akapanda treni kwenda Oxford. Jioni alikimbia maili ile kwa dakika 3 na sekunde 59,4. Alikuwa na miaka 25. Mwaka uleule alimaliza masomo yake ya udaktari, akaacha mashindano, akawa mtaalamu wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Alifariki mwaka 2018, na miaka 88.

Sisemi kila mwanafunzi awe Bannister. Nasema mambo mawili. La kwanza: alitumia muda mfupi, lakini aliutumia mara kwa mara. La pili: hakukimbia peke yake. Rafiki zake wawili, Chris Brasher na Chris Chataway, walipokezana kutangulia mbele yake wakimvuta kwa mwendo.

Wapenda mpira watanikumbusha Sócrates, nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la 1982. Yeye naye alisoma udaktari huku akicheza mpira, na alipata diploma yake. Lakini alivuta sigara na alikunywa pombe nyingi, naye alifariki mwaka 2011, na miaka 57. Kuijua dawa si kinga. Mwili wa daktari unafuata sheria zilezile za mwili wa mgonjwa wake.

MAMBO SITA YA KUSHIKA

1. Usingizi kwanza. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kwa siku. Katika juma la mitihani mwanafunzi anaiba usiku ili asome. Lakini yale aliyosoma mchana yanajipanga vizuri kichwani wakati wa kulala. Anayefuta usingizi anafuta na somo. Kabla ya posti ya usiku, lala mchana walau saa moja na nusu. Ukipewa mapumziko usiku, dakika 20 za kufunga macho zinasaidia. Ukiamka, nawa uso na utembee kidogo kabla ya kushika dawa. Asubuhi rudi moja kwa moja nyumbani, funika dirisha kwa kitambaa kizito, ulale. Usiendeshe pikipiki ukiwa unasinzia. Afadhali ungoje au utembee na mwenzako.

2. Usiondoke nyumbani na tumbo tupu. Si lazima mkate na siagi. Bukari iliyobaki jana ikipashwa moto, kiazi kitamu, maharagi, ndizi na karanga, yote ni chakula cha asubuhi. Katika mfuko wa staji weka karanga na tunda. Usiku kula kidogo kidogo. Bukari kubwa saa sita ya usiku inaleta usingizi mzito. Wasichana wanapoteza damu kila mwezi, kwa hiyo wahitaji chuma zaidi: kapenta, nyama ikipatikana, maharagi, sombe, lengalenga. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini. Mnywe baada ya saa moja au zaidi. Embe, mapera na machungwa yanakisaidia chuma kuingia.

3. Maji, si vinywaji vya makopo. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, joto la vyumba vya wagonjwa ni kali. Chukua chupa ya maji yaliyochemshwa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, mwili unakuomba maji. Vinywaji vinavyoitwa vya nguvu vina sukari nyingi na kafeini. Vinakufungua macho leo na kukunyima usingizi kesho. Hata kahawa, acha kuinywa saa 6 kabla ya kulala. Na vidonge vinavyouzwa njiani vya kuondoa usingizi au uchovu, visiingie kinywani mwako hata kimoja. Mwanafunzi wa uganga ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuvikimbia.

4. Mwendo wa kila juma. Shirika la Afya la Dunia linashauri watu wazima wafanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa wastani, ule wa kutembea haraka ambapo unaweza kusema lakini huwezi kuimba. Tena siku 2 za kukaza misuli. Anayetembea haraka dakika 20 kwenda kwenye staji na 20 kurudi, siku 5, amepata 200. Hana deni. Anayepanda teksi au pikipiki, ashuke mapema kidogo. Anaye kinga aipande. Kwa misuli, dakika 15 zinatosha, katika uwanja wa nyumba, bila chombo: chuchumaa na kusimama mara 15, lala kifudifudi na ujiinue kwa mikono mara 10, au sukuma ukuta ukiwa ungali dhaifu, kaa juu ya viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20. Rudia mara tatu. Siku ya posti ngumu, au siku ya homa, acha, pumzika.

5. Linda mgongo. Mgongo wangu mimi ulianza kuuma staji ya pili, kwa sababu nilimwinua mgonjwa peke yangu ili nionekane mwanaume. Usimwinue mtu mzima peke yako. Ita mwenzako. Panua miguu, kunja magoti, mgongo unyooke, mgonjwa awe karibu na kifua chako. Mmoja ahesabu: moja, mbili, tatu, na wote mwinue pamoja. Kumvuta mgonjwa kitandani, tumia shuka lililo chini yake. Usizungushe kiuno ukiwa umebeba, zungusha miguu. Wapakiaji wa mgodi wanafundishwa yayohayo kwa magunia, na mgongo ni uleule.

6. Usichukue ugonjwa hospitalini. Mwili uliochoka unajisahau. Nawa mikono kwa sabuni sekunde 40 mpaka 60. Sindano iliyotumika isirudishwe kifuniko. Itupwe palepale katika sanduku lake. Kabla ya staji, mwanafunzi apate chanjo ya homa ya ini ya aina B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Ukikohoa zaidi ya majuma mawili, pimwa kifua kikuu bila haya. Na nyumbani, lala ndani ya chandarua. Malaria haiheshimu blauzi nyeupe.

KWA BABA NA MAMA

Baba yule aliniuliza: «Sasa mimi nifanye nini? Nimelipa masomo, nimenunua blauzi, nimenunua viatu.» Nikamwambia: umefanya mengi, yamebaki madogo.

Katika nyumba nyingi binti anayerudi kutoka staji anapewa ndoo, halafu chungu, halafu nguo za wadogo zake. Kaka yake anayesoma shule nyingine ameketi nje. Saa nne ya usiku ndipo binti anafungua daftari. Hapo msiseme masomo yanammaliza. Mgawanyo wa kazi nyumbani ndio unaommaliza. Simsemi mtoto asisaidie mama yake. Mimi pia nilichota maji. Nasema wakati wa posti za usiku na wa mitihani, ndoo ipite mikono mingine.

Mama, weka sahani yake pembeni jioni, naye atakuwa na kitu cha kupasha asubuhi. Baba, yeye akilala mchana baada ya posti ya usiku, zima redio, wapeleke watoto wakacheze mbali na dirisha. Unajua uchungu wa kuamshwa mchana, kwa sababu wewe pia ni mtu wa posti. Na mzazi asimwambie mtoto «wenzako hawalali». Wenzake wanalala, au wanaanguka.

Mwanafunzi naye aseme ukweli. Akilemewa, amwambie mwalimu wa staji kabla ya kuanguka, si baada yake. Ikiwa huzuni au hofu inamfuata siku nyingi hata hali wala halali, atafute mganga, kama angetafuta kwa homa. Hakuna aibu.

NENO LA MWISHO

Siku ile nilimpa binti sindano moja kweli, baba yake akachangamka. Nikamweleza ni dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini, si ya nguvu. Akakunja uso tena.

Baada ya mwezi mmoja binti alirudi kwa dozi ya pili. Alikuja kwa miguu na rafiki yake wa darasa; sasa wanatembea pamoja kwenda kwenye staji, na siku mbili kwa juma wanafanya mazoezi nyuma ya nyumba, wadogo zake wakiwacheka na kuwaiga. Analala saa sita na nusu. Nikamwambia bado nusu saa. Kuanguka, hajaanguka tena. Nikamwuliza kama yote ni rahisi. Akasema hapana, mitihani iko karibu na kemia inamtesa. Nami nilimwamini, maana masomo haya hayatakuwa rahisi kwa mtu yeyote.

Lakini siku moja, mwaka huu au mwaka ule, usiku wa manane, mtoto wa mmoja wetu atakuwa kitandani, na binti huyu ndiye atakayeshika chupa ya serumu. Mama wa mtoto atakuwa amelala kwenye mkeka, hajui kitu. Usiku ule tutahitaji yule anayeshika chupa awe amelala mchana, awe amekula, na macho yake yasome jina.

Baba yake tukionana njiani ananiambia bado namdai sindano moja ya nguvu. Namjibu: aje yeye mwenyewe dispanseri, tuanze kwa kuhesabu saa zake za kulala.